Petroli ya Chupa Vijijini: Kosa Liko Kiwandani, Njiani au Mezani?

Pikipiki ikigoma kuwaka alfajiri, iwe Sapiwi au kijiji kingine chochote cha wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, mshtakiwa wa kwanza huwa ni mafuta. Mwenye bodaboda anasema petroli ya chupa aliyonunua jana imechakachuliwa. Muuza chupa anasema yeye anatoa huduma tu na ameuza kama alivyopimiwa, na kama kuna ubovu basi umetokea sheli au ndani ya lori. Vijiweni inasemwa kwamba nchi inaletewa mafuta ambayo wenzetu wameyakataa, na dawa ni kujenga kiwanda chetu wenyewe. Ofisini inasemwa kwamba chupa yenyewe ndiyo kosa, na ipigwe marufuku. Hoja zote nne zina watetezi, na hakuna hata moja iliyo uongo mtupu. Kasoro yake ni kwamba zote zinaichukulia petroli kama kitu kimoja kisichobadilika, ambacho ama ni kizuri ama ni kibovu, na kazi iliyobaki ni kumtafuta aliyekiharibu.

Kemia inasema vingine. Petroli ni mchanganyiko unaoendelea kubadilika tangu unapotoka kiwandani hadi unapoungua ndani ya silinda, na mabadiliko makubwa zaidi hayahitaji mhalifu. Uchambuzi huu unaeleza kwanza petroli ni nini na hutengenezwaje, kisha unazipima hoja hizo nne moja baada ya nyingine. Utaona kwamba tumekuwa tukigombania uhai wa injini, wakati hatari iliyo kubwa zaidi ni ya watu waliolala nyumba moja na madumu.

Petroli ni nini hasa

Petroli haina fomula moja. Ndani yake mna mamia ya haidrokaboni, yaani molekuli zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni, na nyingi kati yake zina kaboni 4 hadi 12. Iliyo nyepesi kabisa, butani, ikiwa peke yake huchemka chini kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi. Pentani huchemka kwenye nyuzi 36, joto ambalo chupa iliyoachwa juani mchana wa kiangazi Simiyu hulifikia bila shida. Zilizo nzito huchemka joto linapokaribia nyuzi 200. Mafuta ya taa huanzia pale petroli inapoishia, yakiwa na kaboni 10 hadi 16 hivi, na dizeli hupanda zaidi ya hapo. Mpangilio huu una kazi yake. Molekuli nyepesi ndizo zinazogeuka mvuke haraka na kuiwasha injini iliyolala baridi, za kati huipa injini mwendo laini inapopata moto, na nzito hubeba nishati nyingi katika kila lita. Ukiondoa nyepesi peke yake, petroli bado inaonekana petroli na bado inanuka petroli, lakini itampigisha mtu kiki mpaka achoke kabla injini haijaitika.

Sifa ya pili ni oktani. Kwenye injini ya petroli, hewa na mvuke wa mafuta hugandamizwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche na moto husambaa kwa mpangilio. Mafuta yasiyostahimili mgandamizo hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, na hapo ndipo fundi husikia injini ikigonga. Kipimo cha ustahimilivu huo kilibuniwa katika miaka ya 1920: aina mojawapo ya oktani ilipewa alama 100, na heptani iliyonyooka, ambayo hugonga vibaya, ikapewa 0. Petroli ya 93, basi, hugonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za ile ya kwanza na 7 za ile ya pili. Kinachoamua alama hiyo ni umbo la molekuli. Mnyororo mrefu ulionyooka hukatika na kuwaka ovyo, wakati mnyororo wenye matawi au ulioviringwa kuwa pete huvumilia. Kwa hiyo mafuta mawili yenye uzito na rangi ileile yanaweza kutofautiana sana ndani ya silinda.

Sifa ya tatu ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha. Petroli kioevu haiungui, kinachoungua ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa yaliyo safi hayafanyi hivyo mpaka yafike walau nyuzi 38 juu ya sifuri. Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 au 4 kuliko hewa, hivyo haupai na kupotea angani. Hutambaa sakafuni, huingia chini ya mlango na kukusanyika kwenye mashimo. Ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa ya mahali unaweza kuripuka, na ukizidi asilimia 7.6 hivi hauwaki kwa kukosa hewa. Lita moja ikivukizwa yote hutoa takriban lita 200 za mvuke, kiasi kinachotosha kuifikisha hewa ya chumba cha mita za ujazo 14, yaani chumba kidogo cha kulala, kwenye kiwango cha kuripuka.

Inavyotengenezwa

Mkulima wa Simiyu anajua kwamba pamba mbegu anayopeleka kwenye chama cha msingi si bidhaa moja. Kinu cha kuchambulia hutenga nyuzi na mbegu, na mbegu ikikamuliwa hutoa mafuta na mashudu. Mafuta ghafi nayo hutenganishwa hivyo. Hupashwa moto hadi nyuzi 350 au zaidi kidogo, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu. Vilivyo vyepesi hupanda juu na kuwa gesi na petroli ghafi, vya kati hutolewa ubavuni kama mafuta ya taa na dizeli, na vizito hubaki chini kama mafuta mazito na lami. Kazi hiyo ni ya kutenganisha tu, na haiongezi chochote ambacho ardhi haikutoa. Tatizo ni kwamba ardhi hutoa petroli kidogo. Aina nyingi za mafuta ghafi zina chini ya robo ya ujazo wake katika kundi la petroli, na hata hiyo robo ina minyororo mingi iliyonyooka, yenye oktani ya chini mno kwa injini za leo.

Hapo ndipo ufundi wa karne ya 20 ulipoingia, na hapo ndipo mfano wa pamba unapokoma, maana hakuna kinu kinachogeuza mashudu kuwa nyuzi. Mwaka 1913 William Burton wa Marekani alianza kuvunja molekuli nzito kwa joto na shinikizo ili kupata petroli zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Eugène Houdry, Mfaransa, alifanikisha uvunjaji huo kwa msaada wa kichocheo, yaani dutu inayoharakisha badiliko la kemikali bila yenyewe kuisha. Mwaka 1949 ukaja mtambo unaotumia platini kuunda upya molekuli zilizonyooka ziwe pete, na oktani ikapanda sana. Viwanda vya leo huwa na mitambo mingine ya kukunja minyororo mifupi na ya kuunganisha gesi ndogondogo ziwe petroli, na mingine huondoa salfa kwa kutumia haidrojeni. Mwisho wa yote mafundi huchanganya mikondo sita au saba kwenye tangi moja, huongeza dawa za kuzuia kuoza na kutu, na hupima mpaka mchanganyiko utimize viwango. Petroli, kwa hiyo, haichimbwi. Hupikwa kwa kufuata kipimo, na kiwanda kilekile kinaweza kupika ya daraja la juu na ya daraja la chini kulingana na mteja anavyoagiza.

Zamani ilikuwepo njia ya mkato. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika General Motors, aligundua kwamba matone machache ya mchanganyiko wenye madini ya risasi huzuia injini kugonga. Ilikuwa rahisi kuliko kujenga mtambo wa platini, na dunia nzima ikaifuata, ingawa risasi ni sumu kwa ubongo, hasa wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria ilifunga ukurasa huo kwa dunia nzima mwaka 2021. Gharama iliyofichwa na risasi ikarudi viwandani. Asiyekuwa na mitambo ya kisasa hakuweza tena kutoa petroli nzuri.

Hoja ya kwanza: ubovu unatoka nje, tujenge kiwanda chetu

Hoja hii ina nguvu mbili. Kwanza, ni kweli kwamba soko la dunia huuza mafuta ya madaraja tofauti. Mwaka 2016 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakichanganya, katika bandari za Ulaya, mafuta yenye salfa nyingi kwa ajili ya Afrika Magharibi, mafuta ambayo yasingeruhusiwa kuuzwa Ulaya kwenyewe. Pili, kutegemea meli kunaifunga nchi kwenye misukosuko ya dola na ya vita vya mbali. Lakini kilichowezesha biashara ile ya Afrika Magharibi hakikuwa kukosa viwanda. Ni sheria za nchi husika ndizo zilizoruhusu salfa nyingi. Nchi za Afrika Mashariki ziliteremsha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni tangu Januari 2015. Mafuta ya Tanzania huagizwa kwa pamoja kupitia wakala wa serikali, PBPA, kwa zabuni na kwa kiwango kimoja, na shehena hupimwa bandarini kabla ya kushushwa. Meli moja hugawiwa makampuni mengi. Kama ingekuwa mbovu, pikipiki za Bariadi zisingegoma peke yake, maana Dar es Salaam nzima ingelia siku hiyohiyo.

Kuhusu kiwanda, historia ipo na inafundisha. TIPER, kiwanda cha ubia wa Tanzania na Italia, kilianza kusafisha mafuta Kigamboni mwaka 1966, kikaacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa ni ghala. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilianza 1963 na kuzima mitambo 2013. Vyote viwili vilikuwa vya kizamani, vyenye uwezo mkubwa wa kutenganisha na mdogo wa kuvunja, hivyo kila pipa lilitoa mafuta mazito mengi ya bei ya chini na petroli kidogo. Ushindani ulikuwa na viwanda kama cha Jamnagar, India, kinachosafisha zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku na kugeuza takataka za mnara kuwa petroli. Bei ya shehena iliyotoka huko ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kusafisha hapa.

Wapo wanaojibu kwamba sasa hali ni tofauti: bomba kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linapita mikoa jirani na Simiyu, na Songo Songo kuna gesi. Bomba hilo ni la mafuta ghafi. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, huganda kwenye joto la kawaida, na bomba linapaswa kupashwa hadi nyuzi 50 hivi ili yatiririke, kwa hiyo hayawezi kuingia kwenye pikipiki. Gesi ya Songo Songo ni methani karibu yote, yenye kaboni moja katika molekuli, na kuishona iwe petroli kunawezekana lakini ni ghali. Mossel Bay, Afrika Kusini, walifanya hivyo tangu miaka ya 1990, na mtambo ukasimama mwaka 2020 kwa kukosa gesi ya kutosha. Kiwanda kinaweza kuwa na faida za kiuchumi na za usalama wa nchi, na mjadala huo ni halali. Lakini hata kikijengwa Tanga au Hoima, petroli yake bado itasafiri mamia ya kilomita hadi Bariadi na bado itaishia ndani ya chupa ileile. Ubora wa kiwanda hauvuki meza ya muuzaji.

Hoja ya pili: wachakachuaji wa njiani

Hii ndiyo hoja yenye umaarufu zaidi, na msingi wake ni wa kweli. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa ajili ya wanyonge, na bei yake ikawa chini sana kuliko ya petroli na dizeli. Mwenye lori aliona faida katika kila lita aliyochanganya. Madhara yake yanaweza kukadiriwa. Petroli ya 93 ikitiwa lita moja ya mafuta ya taa katika kila lita kumi, na tukiyapa mafuta ya taa oktani ya 20 au 30, mchanganyiko unashuka hadi karibu 86. Injini ya bodaboda yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 hivi itaendelea kutembea, lakini itaanza kugonga kwenye mlima au ikipakia gunia, itapoteza nguvu na itaacha masizi kwenye plagi.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Tangu 2010 mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba ambavyo jicho haliwezi kuviona lakini chombo cha ukaguzi huvisoma, na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hupita vituoni kuchukua sampuli. Na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa sana ili yasiwe tena na bei ya kumvutia mchakachuaji. Hatua hii ya pili ilimuumiza mwenye koroboi asiye na pikipiki, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini iling'oa mzizi wa biashara yenyewe. Mchakachuaji hufuata bei, na mafuta ya taa yanapokaribiana na petroli hakuna faida ya kuyachanganya.

Kwa nini basi lawama haijaisha? Kwa sababu dalili za uchakachuaji zinafanana na dalili za mambo mengine. Plagi nyeusi inaweza kutokana na chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya changarawe, au kabureta iliyofunguliwa kupita kiasi. Kugoma asubuhi kunaweza kuwa dalili ya petroli safi iliyopoteza molekuli zake nyepesi. Maji kwenye kabureta yanaweza kutoka kwenye dumu lililosuuzwa na kutokaushwa. Rangi nayo si ushahidi wa kutegemewa. Kipimo cha nyumbani chenye maana kidogo ni kudondosha petroli kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka bila kuacha alama ya mafuta, na iliyotiwa dizeli au mafuta ya taa huacha doa. Hata hicho hakiwezi kukuambia chochote kuhusu petroli iliyozeeka. Uchakachuaji upo, na vinasaba vina kazi yao, lakini hauwezi tena kubeba lawama zote za kijijini.

Hoja ya tatu: chupa ipigwe marufuku

Watetezi wa marufuku wana kemia upande wao kuliko wanavyojua wenyewe. Tuitazame meza ya kawaida pembeni mwa barabara: chupa za maji ya kunywa za lita moja na lita moja na nusu, zimejazwa hadi shingoni, zimepangwa juani ili mteja azione, na nyuma yake kuna dumu la lita 20, mpira na faneli. Kwanza, jua. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kila joto linapoongezeka nyuzi 10, hivyo chupa iliyojazwa asubuhi hadi mdomoni husukuma mvuke au mafuta yenyewe nje ya kizibo mchana. Kinachotoka kwanza ni butani na pentani, zile zinazowasha injini baridi. Pili, mwanga. Petroli iliyopatikana kwa kuvunja molekuli nzito ina aina ya haidrokaboni zinazopenda kuungana na oksijeni, na mwanga unaopenya plastiki angavu huharakisha jambo hilo. Matokeo yake ni ulimbo, utando wa kunata unaoziba vitundu vya kabureta vyenye upana wa sindano. Tatu, kipimo. Chupa haina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na mnunuzi hulipia ujazo wa macho. Nne, mdomo. Kuvuta petroli kwa mpira kunaweza kuipeleka mapafuni, na mvuke wake una benzini, inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Lakini jambo zito kuliko hayo yote halihusu injini. Kwenye meza ileile, au kwenye duka lilelile, mara nyingi kuna chupa za mafuta ya taa. Chupa ni zilezile, faneli ni ileile, na vimiminika vyote viwili huonekana karibu sawa. Tumezoea kuogopa mafuta ya taa kuingia kwenye petroli. Kinyume chake ndicho kinachoua. Mafuta ya taa ni salama ndani ya koroboi kwa sababu hayatoi mvuke wa kuwaka kwenye joto la chumba. Asilimia chache tu za petroli zinatosha kuondoa usalama huo. Mabaki yaliyosahaulika kwenye faneli au chini ya chupa yanaweza kuifanya koroboi, au jiko la utambi, kuripuka mikononi mwa anayeiwasha. Nigeria iliona milipuko ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwemo ya jimbo la Edo, na waliojaza wodi walikuwa watu waliodhani wananunua mafuta ya taa. Taa za sola na umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, vimepunguza koroboi Simiyu, lakini bado zimo, hasa kwenye nyumba ambazo zisingeweza kumudu kosa hilo.

Pamoja na hayo, marufuku ina udhaifu mkubwa: haiondoi haja ya petroli. Sheria tayari inataka muuza mafuta awe na leseni, na chupa zipo. Ukazaji ukizidi, chupa hazitoweki. Hutoka mezani, penye upepo, na kuingia uvunguni mwa kitanda, na kwa hesabu ya mvuke iliyotolewa juu, uvungu ndipo mahali pabaya kuliko pote. Marufuku inayoishia kwenye tangazo na msako huhamisha hatari kutoka kwenye macho ya mgambo hadi kwenye pua za watoto.

Hoja ya nne: chupa ni huduma, iachwe

Wenye hoja hii wanaanzia kwenye umbali. Petroli inayofika Bariadi kutoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Bei kikomo ambayo EWURA hutangaza kila mwezi kwa kila wilaya inahesabu safari hiyo, lakini inaishia kwenye pampu ya sheli. Kutoka hapo hadi kitongojini ni juu ya mwananchi. Anayepeleka mgonjwa zahanati usiku hawezi kwenda mjini kwanza kujaza tangi. Muuza chupa, wasema, anaziba pengo ambalo mwekezaji mkubwa hajaliona, na ziada anayotoza ni nauli yake.

Ni hoja ya haki kwa upande wa uchumi, na yeyote anayetaka kuiondoa chupa lazima aijibu. Kasoro yake ni kudhani kwamba hatari ni ya anayeichagua. Mvuke hauchagui. Afrika Mashariki na Kati imekwishalipa sana kwa kutoutambua: Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako lori lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota. Katika kila tukio walikufa zaidi ya watu mia moja. Dumu la lita 20 dukani ni dogo kuliko lori, lakini kemia yake ni ileile, na majirani hawakuulizwa.

Kuzipima hoja

Tukiziweka hoja hizi pamoja, tofauti yake kubwa iko katika sehemu ya safari ambayo kila moja inaitazama. Ya kwanza inatazama kiwanda na bandari, ambako vipimo ni vingi na makosa ni machache kuliko inavyodhaniwa. Ya pili inatazama barabara, ambako kodi na vinasaba vimepunguza faida ya wizi. Ya tatu na ya nne zinatazama hatua ya mwisho, ile ya kutoka sheli hadi kwenye tangi la pikipiki, ambako hakuna kipimo, hakuna muhuri, na petroli hukaa muda mrefu juani katika vyombo vidogo. Kwa kemia, chombo kidogo kisichoziba ni kibaya kuliko kikubwa kilichozikwa ardhini, kwa sababu kila uhamishaji kutoka chombo hadi chombo hutoa mvuke, huingiza maji na vumbi, na huongeza nafasi ya kuchanganya.

Kwa hiyo dawa inayofuata ushahidi ni kuifupisha hatua hiyo. Kanuni za EWURA zinaruhusu vituo vidogo vya vijijini vyenye masharti nafuu kuliko vya mjini, na REA imeanzisha mikopo ya kuvijenga. Kituo chenye pampu moja na tangi la chini hurejesha mambo matatu kwa mkupuo: kipimo chenye muhuri, mafuta yanayokaguliwa, na mvuke uliofungiwa. Pingamizi la kawaida ni kwamba kijiji kimoja hakina wateja wa kutosha. Ni kweli kwa vijiji vingi, lakini si lazima kila kijiji kiwe na chake. Kituo kimoja kwa kata kadhaa, kikiwekwa penye gulio au mnada, kinatosha kuifanya safari ya kwenda kujaza iwe fupi kiasi kwamba chupa inakosa faida. Na wauza chupa wa leo ndio wanaojua mahitaji ya eneo lao. Wakiungana kwenye ushirika au wakikopeshwa, ndio waendeshaji wa kwanza wanaofaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vituo vitachukua miaka, na watu wanaungua sasa. Hapo ndipo serikali za vijiji zinaweza kufanya jambo bila kusubiri bajeti, kwa kutofautisha hatari ndogo na kubwa. Petroli isilale ndani ya nyumba inayolaliwa. Isiuzwe kwenye duka moja na mafuta ya taa, wala kupita kwenye faneli moja nayo. Chombo kisiwe angavu, kisijazwe hadi mdomoni, na kikae kivulini penye upepo, mbali na jiko. Akiba iwe ya siku chache, isiwe ya wiki. Kuna atakayesema kwamba masharti hayo ni kuhalalisha kosa. Jibu ni kwamba leseni na usalama ni vitu viwili: anayevunja sheria ya leseni bado hana ruhusa ya kuwachoma majirani, na kijiji kinaweza kukataza la pili kabla wilaya haijamaliza la kwanza.

Muhtasari

Petroli ni mchanganyiko uliopikwa kwa kipimo, na ubora wake hupungua kila inapokutana na joto, mwanga, maji na muda. Kiwanda cha nyumbani kina hoja zake za kiuchumi, lakini hakitaifanya petroli ya chupa kuwa bora. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa umepoteza sehemu kubwa ya faida tangu kodi zilipokaribiana, na ukaguzi wa vinasaba uendelee bila kuubebesha uchakachuaji lawama ya kila injini inayogoma. Marufuku tupu huificha hatari, na kuiacha chupa iendelee hivihivi huwatwika hatari hiyo watu ambao hawakuichagua. Njia yenye gharama ndogo na faida kubwa ni vituo vidogo vilivyo karibu, na kabla havijafika, kuzitenga kabisa petroli na mafuta ya taa na kuyaondoa madumu vyumbani. Injini iliyoharibiwa na mafuta mabovu hutengenezwa na fundi kwa siku moja. Kijiji kikiwa na nguvu ya kushughulikia jambo moja tu mwaka huu, kianze na faneli na uvungu wa kitanda.